Futi Inayoanzia Mbili

Futi yangu imekatika ncha. Inaanzia mbili.
Sifuri na moja viliishia mdomoni mwa mbuzi wa jirani
mwaka ule nilipohamia baraza hii, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Kwa hiyo kila ninayempima namtoa mbili kichwani:
futi ikisema thelathini na nne, naandika thelathini na mbili.
Chausiku, mwanafunzi wangu, husahau kutoa.
Juzi kamshonea bibi harusi wa Makorora gauni
ambalo angeingia yeye na wifi yake.

Mimi sisahau. Kupunguza ndiyo kazi ninayoijua,
hasa nikijipima mwenyewe.

Chukua Mwantumu Shekiondo.
Tulikaa dawati moja, tukagawana rula moja,
tukafunzwa sindano na fundi mmoja wa Chumbageni
aliyetuchapa vidole bila upendeleo.
Leo ana duka Barabara ya Nane, lenye kioo mbele
na sanamu mbili zisizo vichwa
zinazovaa vizuri kuliko mimi mwenye kichwa.
Yeye vyerehani vinne vya umeme. Mimi kimoja cha miguu,
kinacholia kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Yeye binti muuguzi, Bombo. Mimi kijana wa bodaboda, Pongwe,
na simu yake haipatikani.
Yeye kioo. Mimi kanga niliyoitundika kuzuia jua.
Ukijumlisha hivyo kila usiku, hata mto unageuka deni.

Bibi yangu alikuwa akisema
nguo ya kuazima haisitiri makalio.
Nilidhani anazungumzia nguo.

Wiki ya mvua Mwantumu akaja mwenyewe, kwa baiskeli,
mwavuli mkono mmoja, kuomba bobini.
Akakaa kwenye kibao, nikampa chai ya mchaichai,
nami, Mungu anisamehe, nikangoja aanze kulia.
Nilitaka deni la benki. Nilitaka mume mtoro.
Nilitaka hata jino linalouma.
Hakuwa na kitu. Alikuwa mzima, ana raha zake,
akacheka kwa meno yote, akasema, chai yako tamu,
akapanda baiskeli akaenda.

Ikabidi nipone bila msiba wake.

Haikuwa siku hiyo. Siku hiyo nilivunja sindano mbili.
Ilikuwa Alhamisi, umeme umekatika mtaa mzima
na mimi peke yangu nashona,
nikamwambia Chausiku: hebu nipime.
Akafungua daftari. Miaka kumi na tisa ya Ngamiani imo humo:
vifua, shingo za mashehe, matumbo ya waja wazito
ambao watoto wao sasa nawashonea sare za shule.
Akatafuta ukurasa wangu. Akarudi mwanzo, akatafuta tena.
Sikuwahi kuwa na ukurasa.
Magauni yangu yote niliyakata kwa vipimo vya Mwantumu,
vya tulipokuwa wasichana, nilivyovikariri,
kisha nikashangaa kwa nini makwapa yananibana.

Kifua, arobaini na tatu. Kiuno, arobaini.
"Toa mbili," nikasema.
"Nimeshatoa."
Basi andika.

Bega la kulia limeshuka. Ni miaka ya kuinamia sindano.
Mabega ya hivyo, kwa wateja, nayaficha:
natia kitambaa ndani, nainua, wanaondoka sawa kama rafu.
Langu nililifuata na mkasi, lilivyo,
juu ya mabaki ya vitenge vya watu watatu.

Jumamosi nikalivaa kwenda Mgandini kununua vitunguu,
na wakati wa kurudi sikuzunguka. Nilipita Barabara ya Nane.
Sanamu bado zimependeza, siwezi kusema uongo.
Kwenye kioo alikuwemo pia mwanamke,
bega moja chini, kikapu mkononi,
anapumua mpaka kwapani.
Nilimtazama
hadi baiskeli ikanipigia kengele nipishe njia.